Chumba Chini ya Jiwe

Mdogo wangu Mboni aliolewa na mlima. Nilimwambia hivyo siku ya harusi yake, tukacheka wote, maana bwana harusi, Khalidi, alikuwa fundi wa mawe na nyumba yake ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo hata mbuzi hupanda kwa kujiuliza. Mimi ni Shamsia, dada yake mkubwa. Nashona nguo Butimba, chini, kwenye ardhi tambarare, na tangu ujana wangu sijaona sababu ya mtu mwenye akili zake kwenda kulala juu ya mawe.

Lakini Mwanza ndivyo ilivyo. Waliochelewa kufika mjini walikuta chini kumejaa, wakapanda. Waliowafuata wakapanda zaidi, na Khalidi ndiye aliyewajengea. Ukimwonyesha mwanya kati ya majabali mawili, ataweka msingi, atainua ukuta, atachonga ngazi, na mwezi unaofuata kuna familia mle inapika ugali. Simnyimi haki yake. Ukuta wa Khalidi hauanguki. Alikuwa mpole, hanywi, na alimpenda mdogo wangu. Mungu hakuwajalia mtoto, na ndugu zake walipomchokonoa aoe mwingine aliwafukuza uani kwake mchana kweupe. Kwa hilo tu niliusamehe mlima.

Matera sikuisamehe.

Matera ni mji wa zamani kusini mwa Italia, uliochongwa ndani ya mwamba kando ya korongo. Shirika moja la huko lilitaka mafundi wa mawe kutoka Afrika wakasaidie kukarabati nyumba za kale na wao wajifunze, kwa sababu mji ulikuwa unajiandaa kwa mwaka wa sherehe kubwa za utamaduni. Kwetu walichaguliwa wawili, Khalidi na rafiki yake wa siku nyingi, Alexander, Msukuma wa Mkolani. Walikaa huko karibu mwaka mzima. Alexander alirudi na koti zito ambalo hajawahi kulivaa. Khalidi alirudi na mji wote kifuani.

Usingeweza kunywa naye chai. Ukimpa kikombe anakwambia Matera watu walichimba visima vya mvua chini ya sakafu zao, kila nyumba na kisima chake, maji yanashuka kutoka paa hadi paa. Ukilalamika kuhusu ngazi za mlimani anakwambia Matera paa la nyumba yako ndiyo barabara ya jirani. Kuna makanisa yaliyochimbwa na watawa, nguzo na matao vimetolewa ndani ya jiwe lenyewe, na watakatifu wamechorwa ukutani, wana macho makubwa, wanakutazama popote uendapo. Alikuwa Mwislamu safi, lakini akifika kwenye yale macho sauti yake inashuka kama yumo msikitini.

Na hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii. Watu wa Matera walikuwa maskini wa kutupwa. Waliishi kwenye mapango yale na punda wao na kuku wao, na wakubwa wa nchi wakaona aibu. Miaka ya hamsini serikali yao ikawatoa, ikawajengea nyumba mpya juu, mapango yakabaki matupu. Halafu miaka ikapita, dunia ikageuka, na sasa matajiri wanatoka Ulaya nzima kuja kulala kwenye yale mapango, ndani ya shuka nyeupe, wakiwa wamewasha mishumaa.

"Umeelewa, shemeji?" aliniuliza siku moja, macho yanamwaka. "Waliondoka mapema mno."

Nilielewa sana. Nilielewa kwamba mdogo wangu hatashuka.

Maana Mboni alitaka kushuka. Hilo ndilo alilolitaka maishani mwake, hakuwa na lingine. Baba yetu, mzee Nurdin, alituachia kiwanja Buswelu, pakavu, pana barabara, na mimi nilikwishamwambia achukue chote ajenge, mimi nina pangu. Magoti yalikuwa yanamuuma. Kila ndoo ya maji aliipandisha kichwani. Kila masika alilala amevaa nguo za kutokea, kwa kuogopa mawe. Kisha uongozi wa mtaa ukaanza kupita na kipaza sauti ukisema nyumba za juu ni hatari, watu wajiandae kuhama, na majirani wengine wakaanza kung'oa mabati yao. Mboni akafunga vyombo vyake vizuri kwenye ndoo. Khalidi akavifungua.

"Mwaka mmoja," alimwambia. Mimi nilikuwepo, nimekaa kizingitini nikivuta pumzi baada ya kupanda. "Nipe mvua za vuli na za masika. Nachimba chumba kimoja chini ya jiwe letu, kama kule. Wageni wapo, wanapita kila siku kupiga picha za ziwa, wanatafuta mahali pa ajabu pa kulala. Wasipokuja, mke wangu, nitakubebea ndoo zako mwenyewe mpaka Buswelu."

Mboni akanitazama. Mimi nikatazama ziwa. Ndoa ni ya wawili, na nilikuwa nimeshasema yote niliyokuwa nayo.

"Vuli na masika," akasema Mboni. "Zikipita, nashuka hata kama wewe hushuki."

Jiwe lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, kubwa kuliko nyumba, limekaa mlimani limeinama kidogo. Watoto wa majirani walilipanda kuanika nguo. Sasa nisikilizeni, hata kama hamjui ujenzi, maana jambo hili ni rahisi. Mawe ya Mwanza hayakuota ardhini. Yamekaa juu ya ardhi. Kila jabali limeshikwa na udongo na mawe madogo yaliyo chini yake, na watu wa mlimani wana jina la lile dogo linaloshika kuliko yote: wanaliita mtoto. Fundi akija kukujengea, kabla hajatoa futi yake mfukoni, anauliza, "Mtoto wake yuko wapi?" Akishaonyeshwa, anapiga alama ya chokaa, na hapo hapaguswi hata kwa jembe la bustani. Hata mimi wa tambarare najua.

Matera hakuna mtoto. Mwamba wa kule ni mlaini, unakatika kwa msumeno, na ni mmoja kutoka juu hadi chini, mtu akichimba ndani yake ni kama anachimba kiazi kikuu. Khalidi alijua tofauti hiyo. Alizaliwa nayo. Lakini alikaa mwaka mzima akichimba mwamba usioanguka, na mikono ikazoea.

Alexander alipanda kumwona alipopata habari. Alimkuta amevua shati, anatoa udongo mwekundu kwa karai chini ya jiwe, amepaka chokaa kwenye mtoto kama inavyotakiwa, lakini anachimba kulia kwake na kushoto kwake.

"Khalidi, unafanya nini?"

"Mtoto sijamgusa."

"Mtoto umemwacha amesimama kwenye uji! Mvua ikinyesha atasimamia nini?"

"Najenga ukuta huku na huku. Ukuta wangu na mtoto watashika pamoja. Wewe umesahau matao ya kule?"

"Kule jiwe halina pa kwenda," Alexander akasema. "Hili lina pa kwenda." Akaonyesha chini, kwenye mabati ya Otuoma.

Otuoma alikuwa jirani wa chini, mtu wa Mara, ana mke na watoto wanne. Alikuwa ametoka nje kusikiliza, amekunja mikono.

Khalidi akasema kwamba Alexander ana wivu. Hapo ndipo Alexander alipokasirika, akaingia ndani alikokuwa Mboni, mimi nikiwa naye tunachambua mchele, akaketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, huyu mume wako amewahi kukwambia habari za yule bibi?"

"Bibi gani?"

"Amekwambia za matajiri tu." Alexander alifuta jasho. "Kuna bibi wa kule alizaliwa kwenye moja ya yale mapango. Tulikuwa tunalikarabati, wakamleta aje alione, wapiga picha wamejaa. Shemeji, bibi yule hakuingia. Alisimama mlangoni. Mkalimani akatwambia anasema wadogo zake watatu walifia humo, kwa homa na ubichi, na mama yake alikuwa anawalaza kwenye droo ya kabati kwa kukosa pa kuwaweka. Siku serikali ilipowatoa, mama yake alicheka njia nzima. Khalidi alikuwa amesimama karibu yangu. Alisikia kama nilivyosikia."

Mboni aliendelea kuchambua mchele. Kisha akaita, "Khalidi!" Mumewe akaja hadi mlangoni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. "Ni kweli kuna bibi?"

"Yule alikuwa mzee tu, amechoka," Khalidi akasema.

Mimi nilicheka kwa hasira. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Khalidi lilikuwa limezibwa na udongo wa Ulaya.

Chumba kikaisha. Na nitasema ukweli hata kama unaniuma: kilikuwa kizuri. Nilikiingia mara moja tu, kwa kusukumwa na Mboni, ambaye naye wakati huo alikuwa ameanza kukipenda kwa siri. Ukuta wa mawe yaliyochongwa umepinda vizuri kufuata tumbo la jiwe. Tao juu ya mlango. Tundu dogo ukutani la kuwekea taa. Ndani palikuwa na ubaridi hata saa nane mchana, na kupitia mlango uliona ziwa lote, na visiwa, na moshi wa feri. Mboni alikuwa ametandika mkeka wa Unguja aliopewa na mama. Alinitazama usoni ili aone nasema nini.

"Pazuri," nikasema. "Hama."

"Dada, wewe nawe!" Akacheka, akaniziba mdomo kwa kiganja.

Mvua za vuli zilichelewa mwaka ule, kisha zikaja zote kwa mpigo. Zilinyesha mpaka barabara za chini zikageuka mito na mashule yakafunga. Katikati ya hizo mvua, ndipo wageni wa kwanza walipopatikana: wasichana wawili wa kizungu, wenye mabegi mgongoni, walioambiwa na kijana fulani wa stendi kwamba kuna chumba ndani ya jiwe. Khalidi alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia kwa furaha. Alisema anashuka kuwapokea yeye mwenyewe, na Mboni anaandaa chumba.

Basi yalikuwa hivyo. Alasiri, baada ya swala, Khalidi akashuka. Mboni akaingia chumbani na ufagio, shuka mpya na udi. Mvua ikanyesha tena, haikuwa kubwa, ya kawaida kabisa. Mke wa Otuoma, aliyekuwa barazani kwake, alisema hakusikia kishindo kama watu wanavyodhani. Alisikia kitu kikivuta pumzi. Akainua macho akaona jiwe limekaa. Halikuviringika. Lilikaa tu chini, kama mtu mzima anavyokaa, na chumba hakikuwepo.

Nilipofika juu nilimkuta Khalidi amepiga magoti kwenye tope, anachimba kwa mikono. Wale wasichana walikuwa wamesimama pembeni na mabegi yao, wanalia, hakuna aliyewajali. Mafundi wote wa mlimani walikuwepo, na Alexander alikuwa amefika kabla yangu. Wazimamoto walipanda kwa miguu, maana gari halifiki, wakaleta jeki na taa. Mmoja wao, kijana mwembamba, alilala kifudifudi akaingiza taa na kichwa kwenye ufa uliobaki pembeni. Alikaa muda. Alipotoka alivua kofia yake, akaishika kifuani, akamtafuta mtu wa kumwambia, na sote tukawa tumeshajua.

Niliona upindo wa kanga yake. Ile ya njano. Sitasema zaidi.

Sasa likabaki jambo la kumtoa. Jeki hazikulitikisa jiwe, na wazimamoto wenyewe waliogopa zisije zikalitikisa, kwa sababu chini yake ilikuwa nyumba ya Otuoma, na chini ya Otuoma nyumba nyingine, na nyingine, mpaka barabarani. Mafundi wa Mwanza jabali kubwa hulipasua kwa moto. Wanalundika kuni na matairi juu yake, linachomwa mpaka linapata homa, kisha wanalipiga nyundo linabanduka. Hakuna njia nyingine wanayoijua. Mafundi walikuwa wanatazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja.

Khalidi ndiye aliyelitaja. "Tuchome," alisema. "Juu kabisa, upande wa mlimani. Moto hautamfikia. Litabanduka vipande vidogo vidogo, tutamtoa, tumwoshe, tumsitiri."

Imamu wetu alikuwa amepanda na fimbo yake, kanzu imelowa mpaka kiunoni. Akasema aliyefunikwa na kifusi ni shahidi, haidhuru kama hakuoshwa, na kumwacha alipo na kumswalia hapohapo kunajuzu. Ama kuwasha moto juu ya maiti wa Kiislamu, akasema, yeye ulimi wake hauwezi kuliamuru. "Lakini ninyi ndio wenye mayiti," akamaliza.

Otuoma alikuja akasimama mbele yangu. Alikuwa amewashusha watoto wake chini kwa jamaa. "Shikamoo, mama Shamsia," alisema, na hata sikumwitikia. "Mimi siwezi sema usimtoe dada yako. Lakini hii jiwe ikipasuka mara moja, nusu moja inaenda kwangu. Nyumba sio kitu. Huko chini kuna watu wamekataa kutoka."

Wote wakanigeukia mimi. Wazazi wetu walikwishakufa, mtoto hakuna, na mume alikuwa amepiga magoti kwenye tope, hana tena uso wa kuamua. Mtu akimpoteza mdogo wake anatakiwa aachwe alie. Mimi nilisimamishwa kwenye mvua nichague kama dada yangu achomewe moto juu yake au aachwe bila sanda.

Khalidi akanishika pindo la gauni. "Shemeji, niruhusu. Najua nitakapoweka moto. Jiwe hili nalijua."

"Hata juzi ulilijua," nikamwambia.

Sikupandisha sauti. Mkono wake uliachia gauni langu taratibu, ukarudi kwenye tope. Kuna waliosema baadaye kwamba nilikuwa katili. Labda. Niliyoyasema yalikuwa ya kweli, na nilikuwa nimeyabeba kupanda mlima wote ule.

"Mwacheni," nikamwambia imamu. "Mwacheni alipo."

Tukapanga safu kwenye mteremko, wanaume mbele, mguu mmoja juu mmoja chini, tukamswalia Mboni mbele ya jiwe. Alexander, ambaye ni Mkatoliki, alisimama nyuma yetu ameinamisha kichwa. Mimi nililia baadaye, chini, kwenye ardhi tambarare, na nililia kwa sauti kubwa kiasi kwamba wateja wangu waliokuja kuchukua nguo walirudi zao.

Masika yalipofika mlima ulikuwa umetolewa watu upande ule wote. Otuoma amerudi kwao Mara. Mafundi walilikaza jiwe kwa zege kuzunguka chini yake, kazi iliyosimamiwa na Alexander, na hakuna kibao wala jina, ila sisi tunajua. Kwenye kiwanja cha Buswelu nimepanda mihogo. Siwezi kupajenga.

Khalidi anaishi Mkolani sasa, kwenye chumba cha kupanga, na anafyatua matofali ya saruji. Jiwe haligusi. Alexander alimtafutia kazi mara mbili ya kujenga ukuta, hakwenda. Nilikuwa simtembelei. Mwezi uliopita nilipita huko kupeleka sare za shule, nikamwona yuko uani, amekonda, anamimina mchanga kwenye kalibu, na kijana mmoja mteja amesimama anasubiri.

"Mzee," yule kijana alikuwa anamwuliza kwa heshima kabisa, "eti watu wanasema wewe ulishawahi kufika Ulaya?"

Khalidi hakuwa ameniona. "Mimi?" akasema. "Hapana. Mimi sijatoka Mwanza."

Akageuza kalibu, akalitoa tofali, akaliweka kwenye mstari na mengine. Miaka yote ile nilimwomba Mungu amzibe huyu mtu mdomo, asiwahi kulitaja tena lile jina mbele yangu. Na pale uani, nimeshika mfuko wangu wa sare, nilitamani aseme. Japo ya visima tu. Japo ya yale macho makubwa ukutani. Nikamsubiri. Akainama, akachota mchanga.